Kutoka Bure hadi Huria: Programu Huria na Upatanisho wa Kisarufi wa Kiswahili katika Kazi za TEHAMA Mkoani Singida

1.0 Utangulizi

Katika vituo vya afya vya Tanzania Bara, taarifa za wagonjwa kwa miaka mingi zimeandikwa kwa kalamu, kwa Kiswahili, katika vitabu vya Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, unaojulikana zaidi kwa kifupisho chake, MTUHA. Mkoa wa Singida, wenye halmashauri saba na watu 2,008,058 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, umo katika utaratibu huo. Iwe ni Mkalama, Ikungi au Itigi, mhudumu hujaza safu za kitabu, hujumlisha hesabu za mwezi, na jumla hizo huingizwa katika programu ya kompyuta iitwayo DHIS2, ambayo ilikuwa imeenezwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia mwisho wa mwaka 2013.

Safari hiyo ya takwimu, kutoka kitabuni hadi kwenye skrini, ni safari ya lugha pia. Kitabuni, kila kichwa cha safu kimetungwa na mtu aliyeijua nomino aliyokuwa akiizungumzia. Kwenye skrini hali ni tofauti. Sentensi nyingi ambazo mtumiaji huzisoma huundwa na mashine papo hapo, kwa kuunganisha kipande kilichoandikwa mapema na neno linalochomekwa wakati wa kazi. Lugha zisizo na ngeli huvumilia uunganishaji wa namna hiyo. Kiswahili hakiuvumilii.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza uhusiano uliopo kati ya programu huria, ambazo ndizo msingi wa zana nyingi za wataalamu wa TEHAMA, na sarufi ya Kiswahili. Hoja inayotetewa ni kwamba faida kubwa ya programu huria kwa Kiswahili haimo katika bei yake. Imo katika haki ya kuufungua na kuurekebisha msimbo wake, kwa kuwa bila haki hiyo upatanisho wa kisarufi hauwezi kutunzwa kikamilifu. Makala yanaanza na dhana yenyewe, yanaendelea na zana na historia ya kuzitafsiri, kisha yanachambua tatizo la upatanisho na kurejea katika mazingira ya Singida.

2.0 Dhana ya Programu Huria

Mwezi Septemba mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kuutetea. Msingi wa fikra zake ni haki nne za mtumiaji: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuuchunguza na kuubadili msimbo wake, kuwapa wengine nakala, na kuwapa wengine nakala iliyokwisha kubadilishwa. Leseni kuu iliyozilinda haki hizo, GPL, ilitolewa mwaka 1989. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, alianza kuandika kiini cha Linux, na kiini hicho kikaungana na zana za GNU kufanya mfumo kamili wa uendeshaji.

Tangu mwanzo harakati hizo zilisumbuliwa na utata wa kileksika. Neno la Kiingereza "free" lina maana mbili, ya kutolipiwa na ya kutofungwa, na watetezi wa programu hizo wamelazimika kueleza kila mara kwamba wanakusudia maana ya pili. Mwaka 1998 baadhi yao walibuni jina jingine ili kuukwepa utata huo, na mgogoro wa majina ungalipo.

Kiswahili hakina utata huo. "Bure" na "huru" ni maneno mawili yasiyokutana. Aidha, "bure" hubeba maana ya ziada isiyo na sifa njema: kazi bure ni kazi isiyozaa matunda, na mtu bure ni mtu asiyefaa. Kuziita zana hizi "programu za bure" ni kuzishusha hadhi bila kukusudia, na afisa anayeomba kibali cha kuzitumia ofisini huanza na mzigo ambao amejitwisha kwa ulimi wake mwenyewe.

Istilahi iliyokubalika zaidi ni "programu huria". Neno "huria", lenye asili ya Kiarabu kama lilivyo "huru", lilikwisha kuzoeleka katika "soko huria" na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Matumizi hayo mawili yana vivuli tofauti. Katika jina la chuo, huria ni mlango uliofunguliwa kwa wengi. Katika soko, kwa masikio ya watu wengi, huria hukaribia holela. Kwa programu, kivuli cha kwanza ndicho sahihi. Leseni ya GPL humtaka anayesambaza programu aliyoibadili kuwapa wanaoipokea haki zile zile alizopewa yeye. Hivyo si kila mtu hufanya apendavyo. Leseni nyingine, kama ile ya BSD inayotumika kwa DHIS2, zina masharti mepesi zaidi, lakini nazo ni mikataba yenye wenyewe na wajibu.

3.0 Zana za Mtaalamu na Tabaka Tatu za Lugha

Kazi za afisa TEHAMA wa halmashauri zinaweza kugawanywa katika makundi machache: kuziendesha seva, kutunza hifadhidata na nakala zake rudufu, kuunganisha na kulinda mitandao, kutayarisha nyaraka na ramani, na kuwasaidia watumishi wengine. Kwa kila kundi ipo programu huria iliyokomaa. Linux huendesha seva. PostgreSQL hutunza hifadhidata. Apache, iliyoanza mwaka 1995, huhudumia tovuti. OpenSSH, ya mwaka 1999, humwezesha fundi kuifikia seva ya mbali kwa usalama. Git, iliyoanzishwa na Torvalds mwaka 2005, huhifadhi historia ya mabadiliko ya msimbo. QGIS huchora ramani. Na LibreOffice hushughulikia nyaraka. DHIS2 yenyewe, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki katika kuieneza nchini, imejengwa kwa lugha ya Java na huhifadhi takwimu zake katika PostgreSQL.

Kwa mtazamo wa kiisimu, zana hizo zina tabaka tatu za lugha. Tabaka la kwanza ni amri, ambazo fundi huziandika ili mashine itende. Amri ni alama za kimataifa kama zilivyo alama za hisabati, na haina faida kuzitafsiri. Tabaka la pili ni miongozo, yaani maandishi marefu ya kufundishia, ambayo hutafsiriwa kama kitabu chochote. Tabaka la tatu ni ujumbe: vitufe, menyu, maonyo na taarifa ambazo programu humwonyesha mtumiaji. Hapo ndipo fundi, mhudumu na mwananchi hukutana, na ndipo sarufi inapopata mtihani wake.

Katika programu nyingi huria tabaka la tatu hushughulikiwa kwa zana iitwayo gettext, iliyo sehemu ya GNU. Kila ujumbe wa lugha ya asili huwekwa katika faili la tafsiri, na chini yake mfasiri huandika ujumbe wa lugha lengwa. Mfasiri halazimiki kujua kuandika programu. Utaratibu huo ndio uliovifungulia mlango vyuo na taasisi za lugha.

4.0 Funzo la Jambo OpenOffice

Mlango huo uliwahi kuingiwa. Katika mradi wa Kilinux, wataalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden. Mwaka 2004 ushirikiano huo ulizaa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ya OpenOffice.org kwa Kiswahili. Katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ilishughulikia sura ya Kiswahili ya programu zake. Kwa mara ya kwanza, mtumishi wa ofisi aliweza kuandika barua kwa kompyuta yenye menyu za Kiswahili.

Mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, mjadala uliofuata ulijikita zaidi katika msamiati. Iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Iwe kipanya au puku? Maswali hayo ni halali, lakini yote yanahusu nomino zilizosimama peke yake. Mtumiaji hasomi nomino peke yake, husoma tungo. Pili, programu haikukaa ilivyokuwa. OpenOffice.org ilitoa toleo la pili mwaka 2005, na mwaka 2010 ikazaa LibreOffice. Kila toleo huja na ujumbe mpya, na ujumbe usiotafsiriwa hujitokeza kwa Kiingereza katikati ya Kiswahili. Tafsiri ya programu ni kama shamba: isipopaliliwa msimu huu, msimu ujao huwa kichaka.

Hata hivyo, kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, kazi ya awali haikufungiwa kabatini. Mtu yeyote ana haki ya kuichukua na kuiendeleza. Tofauti kati ya kazi iliyosimama na kazi iliyopotea ni kubwa.

5.0 Tatizo la Upatanisho wa Kisarufi

5.1 Nafasi iliyoachwa wazi

Ujumbe mwingi wa programu huwa na nafasi iliyoachwa wazi, ambayo mashine huijaza kwa jina la kitu kinachohusika. Chukuliwe ujumbe unaoarifu kwamba kitu fulani kilitafutwa kisionekane. Mifano ifuatayo imebuniwa kwa ajili ya uchambuzi, na haikunukuliwa kutoka programu yoyote. Katika Kiingereza kiarifu cha ujumbe huo ni kimoja, nafasi ijazwe kwa neno lolote. Katika Kiswahili hali ni hii:

(a) Faili halikupatikana.
(b) Seva haikupatikana.
(c) Kifaa hakikupatikana.
(d) Ukurasa haukupatikana.
(e) Mgonjwa hakupatikana.

Nomino tano zimedai viambishi vitano. Mfasiri aliyepewa mstari mmoja wenye nafasi wazi hana budi kuchagua kiambishi kimoja, na kwa kawaida huchagua kile cha ngeli ya I-ZI kwa kuwa nomino nyingi za mkopo zimo humo. Matokeo yake ni tungo kama *Mgonjwa haikupatikana. Kosa hilo si la kimtindo tu. Katika Kiswahili sanifu uhai una nguvu kuliko umbo la nomino, na ndiyo maana "kipofu" na "daktari" hupatanishwa kwa a-/wa-. Mashine inayomwita mgonjwa "i-" imemtoa katika kundi la watu.

Vivumishi navyo huathirika: faili jipya, kifaa kipya, mtumiaji mpya. Kitufe chenye neno moja tu, "Mpya", kinachotumika mahali kumi katika programu, ni sahihi mahali pengine na kosa mahali pengine. Tena zipo nomino ambazo ngeli yake haijatulia. Wapo wasemao "faili limefutwa" na wapo wasemao "faili imefutwa". Wafasiri wawili wa programu moja wasipokubaliana mapema, skrini moja huonyesha sarufi mbili.

5.2 Kiambishi kama habari

Ujumbe wa programu hupenda ufupi, na Kiswahili kina uwezo wa kusema sentensi nzima kwa neno moja. Lakini katika neno hilo kiambishi nafsi ndicho kinachoeleza nini kimetendwa. "Limefutwa" huashiria faili au jina. "Imefutwa" huashiria taarifa au akaunti. "Amefutwa" huashiria mtu katika orodha. Mtumishi anayeondoa mstari mmoja katika kumbukumbu za kituo hutegemea kiambishi hicho ili ajue alichokifanya. Kiambishi kisicho sahihi kinampa habari isiyo sahihi, naye hana njia ya kuijua kuwa si sahihi, kwa sababu neno lenyewe ni la Kiswahili na limeandikwa vizuri.

5.3 Umoja na wingi

Kuhusu idadi, hali ni nafuu zaidi. Zana ya gettext humruhusu mfasiri kueleza lugha yake ina maumbo mangapi ya idadi. Kiswahili huhitaji mawili: "Mgonjwa 1 amesajiliwa" na "Wagonjwa 5 wamesajiliwa". Lakini utaratibu huo hufanya kazi pale tu ambapo mwandishi wa programu aliutumia. Waandishi wengi hupita njia ya mkato ya kuongeza alama ya wingi ndani ya mabano mwishoni mwa nomino. Njia hiyo haina mwenzake katika Kiswahili, kwani wingi wetu huanza mbele ya neno na huenea katika tungo nzima. "Seva 1 imezimwa" na "Seva 5 zimezimwa" zinaonyesha kwamba hata nomino isipobadilika, kitenzi hubadilika.

Kwa bahati njema tarakimu hupunguza tatizo moja. Namba 1 hadi 5 na 8 hupatanishwa zinaposomwa, ilhali 6, 7, 9 na 10 hazipatanishwi. Lakini zikiandikwa kwa tarakimu, upatanisho huo huachiwa msomaji.

5.4 Njia za kukwepa

Mfasiri asiyeweza kuugusa msimbo ana njia tatu za kujiokoa. Njia ya kwanza ni kutumia nomino bebezi: "Kitu kifuatacho hakikupatikana: seva". Sarufi inatunzika, ila mgonjwa amegeuzwa tena kuwa kitu. Njia ya pili ni kutumia kitenzi-jina, ambacho hupatanishwa kwa ku-: "Kufuta faili kumekamilika". Tungo hiyo hukubali nomino nyingi, lakini hushindwa kwa viumbe hai, kwani Kiswahili hudai "kumfuta mtumiaji". Njia ya tatu ni kuunda nomino ya tendo: "Ufutaji wa faili umekamilika", "Ufutaji wa mtumiaji umekamilika". Hii ndiyo imara zaidi, kwa kuwa kiarifu hupatana na "ufutaji", na nomino inayochomekwa haiathiri kitu. Gharama yake ni uzito. Programu nzima iliyoandikwa kwa mtindo huo husomeka kama taarifa ya kamati.

Hivyo basi, mbinu za mfasiri peke yake hupunguza makosa lakini haziliondoi tatizo, kwa sababu chanzo chake kimo katika msimbo.

6.0 Kwa Nini Uhuria ni Sharti

Yapo marekebisho matatu ya msimbo yanayoweza kulitatua tatizo hilo kwa sehemu kubwa. La kwanza ni kuvunja ujumbe wenye nafasi wazi kuwa ujumbe kamili kadhaa, mmoja kwa kila aina ya kitu. La pili ni kuongeza muktadha: gettext ina nafasi ya kueleza kwamba "Mpya" hii ni ya kifaa na "Mpya" ile ni ya mtumiaji, lakini nafasi hiyo hujazwa na mwandishi wa programu. La tatu ni kuiambatanishia kila nomino ya programu ngeli yake, ili ujumbe uchague kiambishi wenyewe. Mfumo wa Fluent wa Mozilla, uliofikia toleo la 1.0 mwaka 2019, unaruhusu jambo la aina hiyo: istilahi hupewa sifa ya kisarufi, na ujumbe hutegemea sifa hiyo. Mfumo huo unaweza kupokea ngeli kama unavyopokea jinsi za nomino za lugha za Ulaya.

Katika programu funge, marekebisho hayo yote ni hiari ya mwenye programu. Akiona kwamba watumiaji wa lugha fulani hawamletei faida ya kutosha, hana wa kumlazimisha. Katika programu huria, mtu yeyote anaweza kupendekeza badiliko, na lisipokubaliwa ana haki ya kulifanya katika nakala yake na kuisambaza. Kwa lugha ambayo sarufi yake haikufikiriwa wakati programu ilipobuniwa, haki hiyo ndiyo pekee inayoiwezesha kusimama wima.

Ni kweli kwamba haki isiyotumiwa haizai kitu. Programu huria iliyojaa makosa ya upatanisho haina ubora wowote, kwa msomaji wa Kiswahili, kuliko programu funge yenye makosa hayo hayo. Tofauti ni kwamba katika ile ya kwanza lawama imehama: haimwelekei tena mwandishi wa mbali, inawaelekea wenye lugha.

7.0 Singida kama Kipimo

Mkoa wa Singida unaonyesha kwamba suala hili halikomei katika Kiswahili. Kinyaturu, Kinyiramba na Kinyisanzu ni lugha za Kibantu zenye ngeli na upatanisho wake. Msimbo uliorekebishwa ili ukubali ngeli za Kiswahili umekwisha kutayarishwa, kwa sehemu kubwa, kuzipokea lugha hizo. Msimbo uliolazimishwa kwa njia za kukwepa haujatayarishwa kupokea yoyote. Kidatooga ni lugha ya Kiniloti, na Kihadzabe, kinachosemwa na watu wachache wakiwemo wa kijiji cha Munguli wilayani Mkalama, hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Kihadzabe kina vidoko, ambavyo alama zake za kifonetiki huhitaji fonti zenye alama hizo. Nazo zipo zilizo huria, kama Charis SIL na Doulos SIL.

Si lazima kila lugha ya mkoa iingizwe katika kila programu. Hata hivyo, mhudumu wa zahanati huzungumza na mama kwa Kinyiramba, huandika kitabu cha MTUHA kwa Kiswahili, na jumla zake huishia katika programu iliyobuniwa kwa Kiingereza. Katika mnyororo huo Kiswahili ndicho kiungo cha kati. Kikivurugika, kinachopotea ni imani ya mtumishi kwamba mashine inasema kile alichokitenda.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili, kwa kutofautisha bure na huria, kinaifahamu dhana ya programu huria kwa uwazi zaidi kuliko lugha ilikozaliwa. Yameonyesha pia kwamba ngeli na upatanisho huifanya haki ya kuubadili msimbo kuwa hitaji la kisarufi. Kazi inayobaki ni ya pande mbili. Idara za Kiswahili zinapaswa kuupanua uundaji wa istilahi ili kila istilahi ya kompyuta itolewe pamoja na ngeli yake na mifano ya tungo, na wanafunzi wa uzamili wanaweza kuuchunguza ujumbe wa programu zinazotumika katika halmashauri kama wanavyochunguza matini nyingine yoyote. Wataalamu wa TEHAMA nao wanapaswa kuiona sarufi kuwa sehemu ya ubora wa programu, na kuyaripoti makosa ya upatanisho kama wanavyoripoti hitilafu nyingine. Msimbo uko wazi kwa pande zote mbili. Kinachosubiriwa ni mwanaisimu na fundi kuketi meza moja mbele ya faili lile lile.